Laini ya Umeme Juu ya Kiwanja: Mwongozo kwa Mafundi na Vibarua wa Ujenzi wa Nyumba

Mwongozo huu umeandikwa kwa watu ambao umeme si kazi yao: mwashi, mpauaji, mpaka rangi, fundi dishi, mkata miti, dereva wa tipa, mchimba kisima na kibarua anayelipwa kwa siku. Fundi wa TANESCO anapopanda nguzo huwa na mkanda, glovu maalumu, kibali cha maandishi na mwenzake wa kumwangalia. Mpaka rangi anayefanya kazi mita mbili kutoka kwenye laini hiyohiyo huja na ngazi ya alumini na kandambili. Hatari ni moja kwa wote wawili, ila mmoja tu ndiye aliyefundishwa namna ya kukaa nayo, na ndiyo maana maelezo haya yanamlenga yule wa pili.

Taratibu zilizotajwa hapa ni za Tanzania Bara. Aliyeko Unguja au Pemba atawasiliana na Shirika la Umeme Zanzibar, ZECO, kila panapotajwa TANESCO. Umbali wa kukaa na namna ya kuokoa mtu havibadiliki.

Jambo la kushika kuliko yote ni hili: uamuzi kuhusu laini ufanywe mkiwa chini, kabla ya siku ya kazi, na mwenye mamlaka ya kuizima ni shirika la umeme peke yake. Mtu akishafika juu na nondo mkononi, muda wa kuamua umekwisha.

Tambua kilicho juu yako

Ingia kwenye kiwanja, simama, tazama juu kabla hujatazama msingi. Kwenye mitaa yetu utakuta aina tatu za nyaya, na mara nyingi zote ziko kwenye nguzo moja.

Za juu kabisa, kwa kawaida tatu, zilizokaa kwenye vikombe vya kauri au vya plastiki ngumu, ndizo laini kubwa. Hubeba kilovolti 11 au 33, yaani volti 11,000 au 33,000. Chini yake, au kwenye nguzo zake zenyewe, kuna laini ndogo ya volti 400 kati ya fezi na fezi, volti 230 kati ya fezi na nyutro. Hii huwa nyaya nne zilizo wazi, au fungu la nyaya nyeusi zilizosokotwa pamoja. Kutoka hapo hushuka waya wa sevisi unaoingia nyumbani kwenye mita. Ukiona minara ya chuma badala ya nguzo, hiyo ni njia ya kusafirisha umeme ya kilovolti 132, 220 au hata 400, na chini yake usiweke hata tofali bila idhini ya TANESCO. Ardhi iliyo chini ya minara hiyo na pembeni yake ni mkuza wa njia ya umeme, na upana wake huongezeka kadiri msongo unavyokuwa mkubwa. Vipimo vyake viulizwe ofisi ya TANESCO ya wilaya kabla ya ramani ya nyumba kuchorwa. Kuuliza baada ya ukuta kupanda ni kusubiri alama ya X.

Wengi hudhani laini kubwa imevikwa plastiki kwa sababu inaonekana nyeusi au ya kijivu. Haijavikwa. Ni alumini tupu iliyopauka kwa jua, mvua na vumbi, na kinachouzuia umeme wake usikufikie ni hewa iliyo katikati yenu. Hewa hiyo ikipungua vya kutosha, umeme huruka. Kwa laini ya kilovolti 33 si lazima nondo iguse waya. Ikikaribia tu, cheche inaweza kuvuka na kumfikia aliyeishika, kisha kupita mwilini mwake hadi kwenye zege analokanyaga.

Laini ndogo nayo isidharauliwe kwa jina lake. Volti 230 zinatosha kusimamisha moyo, na vifo vingi vya umeme majumbani hutokana na msongo huo. Tofauti ni kwamba laini kubwa, yenye msongo mkubwa mara nyingi kuliko laini ndogo, haihitaji ukosee sana.

Umbali, na vitu virefu

Kwa laini ya kilovolti 11 na ya kilovolti 33, weka mita 3 kuwa mpaka usiovukwa. Mita hizo hupimwa kutoka kwenye waya hadi kwenye sehemu iliyo karibu zaidi ya mwili wako, kifaa chako au mzigo uliobeba, na huhesabiwa pamoja na kile ambacho mzigo unaweza kufanya ukiteleza, ukipeperushwa na upepo au ukianguka. Kwa laini ndogo iliyo wazi, tumia kipimo hichohicho. Usijaribu kupima urefu wa waya kutoka ardhini kwa kuinua futi ya chuma, fito au kamba. Omba TANESCO wapime, na mpaka wapime, chukulia kwamba waya unafikika.

Kumbuka pia kuwa waya haukai mahali pamoja. Alumini hutanuka kwa joto, kwa hiyo mchana wa jua kali, hasa laini ikiwa imebeba mzigo mkubwa, waya hulegea na kushuka chini kuliko ulivyouona asubuhi. Upepo huuyumbisha kando. Na wapo wanaopandisha ardhi yenyewe: mwenye kiwanja cha bondeni anamwaga kifusi tipa kadhaa kuinua kiwanja kabla ya masika, na kila nusu mita ya kifusi inapunguza nusu mita ya usalama kwa kila atakayesimama juu yake. Asiyejua hilo atasema laini imeshuka.

Sasa nondo, ambayo inastahili maelezo marefu kuliko kifaa kingine chochote kwenye eneo la ujenzi. Nondo ya kawaida ina urefu wa mita 12. Mtu aliyesimama kwenye slabu ya ghorofa ya kwanza akipokea nondo iliyosimamishwa kutoka chini, ncha yake ya juu hupita kimo chake kwa mita nyingi, na yeye macho yake yako kwenye mikono ya mwenzake aliye chini, hayako juu. Laini ya barabarani imepita ukingoni mwa kiwanja. Nondo ikiinama upande huo kidogo tu, umefika. Na mara nyingi wanaopigwa ni wawili, kwa sababu wote wameishika.

Dawa yake si ngumu. Kata nondo chini kwa vipimo vya kazi kabla ya kuipandisha. Mkunja nondo anaweza kufanya kazi yake yote ardhini, na kinachopanda juu kikawa ringi na vipande vifupi. Zile ndefu za mihimili zipandishwe zikiwa zimelala, upande wa jengo usiotazama laini, kwa watu wawili au watatu walioko kwenye ngazi tofauti za jukwaa. Nondo zilizoletwa zikiwa zimekunjwa katikati zisifunguliwe karibu na laini, kwa kuwa zikiachiwa hufyatuka kwa nguvu na hakuna anayeweza kukadiria ncha itaenda wapi. Mkuu wa kazi achague mahali pa kushushia nondo siku zinapofika, na pawe mbali na barabara yenye nguzo hata kama dereva atalalamika kuhusu kuingia ndani.

Kanuni hiyohiyo iende kwenye kila kitu kirefu. Bati likibebwa wakati wa upepo humgeuza mbebaji, hivyo kwenye paa lililo karibu na laini kazi ya kuezeka isimame upepo ukianza. Ngazi ya alumini isitumike karibu na laini kabisa. Ya mbao au ya fiba itumike, ikiwa kavu, na bado mita 3 zibaki. Mirunda ya jukwaa watu huiamini kwa sababu ni mti, lakini mti mbichi au ulionyeshewa hupitisha umeme, na mrunda uliozungushiwa waya wa kufungia ni chuma kwa upande huo. Mpaka rangi aangalie mpini wa rola aliouunganisha ukawa mrefu. Mwashi aangalie rula yake ya alumini. Anayemwagilia ukuta maji asielekeze mpira juu.

Fundi dishi na fundi antena wawe na hesabu yao: urefu wote wa bomba pamoja na mita 3. Bomba la mita 6 lisimamishwe mahali palipo mita 9 au zaidi kutoka kwenye laini yoyote, ili likianguka lote, liangukie kwenye usalama. Kama nyumba haina sehemu hiyo, dishi lifungwe ukutani chini ya ukingo wa paa, na mwenye nyumba aelezwe sababu.

Kwa tipa, gari la kumwaga zege na mtambo wa kuchimba kisima, pawe na mtu mmoja chini ambaye hana kazi nyingine ila kutazama laini na kumpigia dereva kelele. Tipa lisiinue bodi chini ya waya, na lisiondoke likiwa bado limeinua. Mtambo wa kisima una mlingoti mrefu unaosimamishwa taratibu, kwa hiyo eneo la kuchimba lichaguliwe kwa kutazama juu sawa na linavyochaguliwa kwa kutafuta maji. Nimewahi kuona wapimaji wa maji wakitia alama sehemu nzuri sana kwa maji, moja kwa moja chini ya laini kubwa.

Kuzimiwa laini

Kazi isipoweza kufanyika nje ya mita 3, laini izimwe au ihamishwe. Hakuna njia ya tatu. Mwenye nyumba, au mkandarasi kwa niaba yake, aandike barua kwa ofisi ya TANESCO ya wilaya akieleza kiwanja kilipo, mtaa, namba ya mita ya LUKU ya nyumba ya karibu, aina ya kazi, siku na saa anazohitaji. Ombi hili lipelekwe mapema, maana kuzima laini ya mtaa kunagusa saluni, mashine ya kusaga, zahanati na majokofu ya samaki, na shirika hulazimika kuwatangazia watu. Kuhamisha nguzo ni ombi jingine, lenye upimaji na gharama zake, na gharama hizo ziingizwe kwenye bajeti ya nyumba tangu mwanzo pamoja na saruji na mbao.

Siku ikifika, saa iliyoandikwa kwenye tangazo haitoshi kuanza kazi. Subiri kikosi cha TANESCO kifike kwenye eneo. Wao wataikata laini, wataipima kuthibitisha kwamba haina umeme, kisha wataiunganisha na ardhi kwa nyaya za eathi. Baada ya hapo msimamizi wao akwambie kwa mdomo wake mwenyewe kwamba mnaweza kupanda, na muafikiane nani atampa taarifa kwamba watu wote na vifaa vyote vimeshuka. Mpaka taarifa hiyo itolewe na mtu huyo mmoja, laini isirudishwe. Baada ya kutolewa, hakuna anayepanda tena, hata kama amesahau nyundo.

Nasisitiza hatua hizi kwa sababu neno linaloua watu ni dogo: "Umeme umekatika." Taa zimezima mtaa mzima, fundi anaona nafasi, anamwambia kijana apande haraka kabla haujarudi. Laini iliyokatika kwa hitilafu inaweza kurudi bila mtu yeyote kutoa taarifa kwako. Nyingine zina swichi zinazojirudisha zenyewe baada ya sekunde chache ili kujaribu kama hitilafu imeondoka. Mgao ukiisha mapema, hakuna atakayepita mtaani kutangaza.

Tena umeme unaweza kuja kutoka upande mwingine kabisa. Jirani anawasha jenereta aliyoichomeka kwenye soketi ya nyumba yake bila swichi ya kubadilishia, ile mafundi wanayoiita chenji-ova. Umeme wa jenereta unatoka nyumbani kwake, unapita kwenye mita, unaingia kwenye laini ndogo na kufika kwenye transfoma. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili: inayoshusha maelfu ya volti kuwa 230 ndiyo hiyohiyo inayopandisha 230 kuwa maelfu. Laini kubwa uliyoamini imekufa inaweza kuwa hai kwa jenereta ndogo ya dukani. Ndiyo sababu mafundi wa shirika hufunga eathi hata baada ya kukata. Kwa fundi umeme wa nyumbani anayesoma haya: usimfungie mteja jenereta bila chenji-ova, hata akikuongezea fedha, na kama huna leseni ya EWURA ya daraja linaloruhusu kazi hiyo, mpeleke kwa aliye nayo.

Kuna na vishoka. Kishoka ni mtu anayejifanya wa TANESCO, au aliyewahi kufanya kazi na mkandarasi wa shirika, anayekubali kupanda nguzo jioni kwa malipo ya mkononi ili akatishe fyuzi ya transfoma "mmalizie kazi yenu." Hana kibali, hana eathi, hajui nani mwingine yuko kwenye laini hiyo, na akiondoka hamna wa kumwuliza. Atakayekuja omba kitambulisho, na upige simu namba 180 ya huduma kwa wateja ya TANESCO kuthibitisha kwamba ametumwa. Anayekasirika kwa kuulizwa kitambulisho asipande.

Vifaa vilivyo ndani ya kiwanja

Nguzo, stei, transfoma, waya wa sevisi na mita ni mali ya shirika hata vikiwa ndani ya ukuta wako. Nyaya zinazotoka kwenye mita kuingia ndani ni za mwenye nyumba. Mpaka huo usaidie kujua nani aitwe nini kikiharibika.

Usichimbe msingi wala shimo la choo karibu na mguu wa nguzo, na usijenge ukuta ukaiziba ndani kiasi kwamba mafundi hawawezi kuifikia. Nguzo ya mti huanza kuoza pale ardhi inapokutana na hewa, na mara nyingi majani au kifusi hufunika sehemu hiyo. Ukiona imeinama au imelika, toa taarifa na usiiegemeze ngazi. Stei ni ule waya mnene unaoshuka kwa mshazari kutoka juu ya nguzo hadi ardhini. Kazi yake ni kuivuta nguzo isilale upande ambao nyaya zinaivutia. Wajenzi huona inawazuia wakaikata au kuilegeza kwa muda, na nguzo ikalala pamoja na nyaya zake. Isiguswe, isifungwe kamba ya nguo, isifungwe mbuzi.

Transfoma ina mafuta ya kupoozea. Yakivuja, ondoa watu na utoe taarifa. Mafuta hayo hayafai kupikia, kuchua wala kupaka kidonda, na ya transfoma za zamani yanaweza kuwa na kemikali zinazodhuru mwili kwa miaka mingi. Waya wa eathi unaoshuka kwenye nguzo yake hadi ardhini ukiuona umekatwa, na wezi wa shaba huukata, usisogee na usiushike ncha. Piga simu.

Waya wa sevisi ndio unaogusana zaidi na wapauaji. Plastiki yake hupasuka kwa jua la miaka, na mahali unapopita kwenye ukingo wa bati husagika kila upepo unapovuma. Siku plastiki ikiisha, paa zima la bati linakuwa na umeme, pamoja na mfereji wa maji ya mvua na waya wa kuanikia nguo uliofungwa kwenye nguzo ya baraza. Mama anayetoka kuanika nguo mbichi ndiye atakayejua kwanza. Kwa hiyo kabla ya kuezua paa la zamani au kuinua kuta, omba TANESCO waje kuishusha au kuihamisha sevisi. Usiusukume waya kwa mti kavu, usiufunge pembeni kwa kamba, na usiupitishe chini ya bati jipya. Ukikuta paa au bomba linakutia ganzi ukiligusa, shuka bila kushika kitu kingine, zima meinswichi, kisha uite shirika, maana kuzima meinswichi hakuondoi umeme ulio kwenye waya kabla ya mita.

Ishara nyingine ya kuijua: taa za nyumba moja zinawaka kwa ukali kupita kawaida na za jirani zimefifia. Mara nyingi hiyo ni nyutro iliyokatika au kulegea kwenye laini, na nyumba zilizo kwenye fezi tofauti zimeanza kugawana volti 400 bila usawa. Zima meinswichi, waambie majirani nao wazime, toa taarifa. Kutafuta nyutro juu ya nguzo si kazi ya fundi wa mtaa.

Miti

Tawi lililo ndani ya mita 3 kutoka kwenye laini halikatwi na mtu wa panga aliyeitwa kutoka kijiweni. Likatwe na TANESCO au mbele yao laini ikiwa imezimwa. Tawi bichi limejaa maji na utomvu, na likigusa laini kubwa hupitisha umeme hadi kwa aliyelikalia. Mnazi una hatari ya namna yake: makuti makavu hujidondosha yenyewe, na yakilalia nyaya mbili hufanya shoti na kuzikata. Mwenye mnazi chini ya laini asisubiri dhoruba. Mti mzima unaoangushwa uhesabiwe kama bomba la antena, urefu wake wote pamoja na mita 3, na kamba ya kuuvuta isipite chini ya waya. Msimu wa maembe, anayechuma kwa upondo karibu na laini azuiwe, hasa watoto, na asiyeambiwa haoni sababu ya kuogopa.

Waya ukiwa chini

Waya ulioanguka uchukuliwe kuwa una umeme. Haurushi cheche, haulii, umelala kwenye mchanga mkavu au kwenye lami, na bado unaweza kuua. Sababu ni kwamba mchanga mkavu, zege na lami havipitishi umeme wa kutosha kukata fyuzi, kwa hiyo transfoma inaendelea kuulisha waya kama kwamba hakuna kilichotokea.

Ondoa watu mita 10 kutoka kwenye waya na kutoka kwenye chochote kinachoguswa na waya huo: uzio wa senyenge, dimbwi, gari. Umeme unaoingia ardhini husambaa na kupungua kadiri unavyokwenda mbali, na mguu ulio mbele ukiwa kwenye msongo tofauti na ulio nyuma, umeme hupita katikati ya miguu. Kama tayari uko karibu, unganisha miguu na uondoke kwa kuiburuza kidogokidogo bila kuinua hata mmoja. Weka mtu kila upande wa njia azuie bodaboda na watoto wa shule, piga 180, na kama kuna moto piga Zimamoto 114. Usimwage maji.

Waya ukiangukia gari au bodi ya tipa ikigusa laini, dereva abaki ndani na awaambie walio nje wasilishike gari. Kama anaweza kushusha bodi au kurudi nyuma bila kuuburuza waya, afanye hivyo. Gari likishika moto na ikambidi atoke, aruke miguu ikiwa pamoja, asishike gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa kuburuza miguu. Walioshuka kawaida, mkono mmoja mlangoni na mguu mmoja chini, ndio wanaokufa katika ajali hizi.

Mtu akipigwa

Usimguse. Ni vigumu kulisema hili kwa mtu anayemwona mwenzake, pengine mdogo wake wa kuzaliwa, ameng'ang'aniwa. Lakini mkono unaomshika unakuwa njia ya pili ya umeme uleule.

Kama ni umeme wa ndani ya nyumba, zima meinswichi. Ikishindikana haraka, simama juu ya ubao mkavu na umsukume kwa mti mkavu au plastiki kavu. Kama ni laini kubwa, hakuna mti wala glovu ya ujenzi itakayokukinga. Kaa mita 10, piga 180, na mpaka shirika lithibitishe kwamba imekatwa, hakuna anayeingia. Ni lazima wenzako wajue hili kabla ya siku hiyo, kwa sababu siku hiyo hawatakusikiliza.

Akishaachana na umeme na hapumui, mlaze chali kwenye sehemu ngumu, weka kiganja kimoja juu ya kingine katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefundishwa kupuliza pumzi apulize mbili kila baada ya mibonyezo 30. Asiyefundishwa abonyeze tu bila kusimama, mkibadilishana mtu anapochoka, mpaka msaada ufike. Sehemu iliyoungua ipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, asali wala mafuta. Na hata aliyesimama mwenyewe akasema yuko sawa apelekwe hospitali, kwa kuwa moyo unaweza kuyumba baadaye na nyama ya ndani huungua bila ngozi kuonyesha.

Wajibu, na namna ya kukataa

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa anaowatumikisha, na kiwanja cha ujenzi ni mahali pa kazi. Mkandarasi asimwachie mwenye nyumba jukumu hili, na mwenye nyumba anayejenga kwa kuwalipa mafundi moja kwa moja asidhani halimhusu.

Kibarua ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote, na ndiye anayepandishwa. Kusema si utovu wa adabu. Aseme mapema, kabla ya kupanda, mbele ya wenzake, na ataje anachokiona: "Mzee, shikamoo. Upande huu laini iko karibu, hizi nondo zitaifikia. Naomba tukatie hapa chini, au tusubiri TANESCO." Fundi mkuu anayejiheshimu atashukuru. Wenzake wamuunge mkono palepale, kwa sababu mmoja akikataa peke yake, hupelekwa mwingine aliyekuja leo asiyejua lolote. Nawaomba mafundi wakuu wasilaze hoja hiyo kwa kumwambia kijana ni mwoga. Mkate kazi ya upande huo, mwende upande mwingine wa jengo, siku isipotee.

Ajali ikitokea, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hulipa fidia kwa aliyeumia au kufia kazini, na michango yake hutolewa na mwajiri peke yake. Kinachokwamisha familia nyingi ni kukosekana kwa uthibitisho kwamba marehemu alikuwa kazini hapo. Kwa hiyo daftari la mahudhurio liandikwe kila asubuhi: jina kamili, simu ya ndugu wa karibu, kazi aliyopangiwa. Ukurasa wake wa kwanza uwe na maelezo ya kiwanja yanayoweza kusomwa kwenye simu kwa mtu asiyekijua, yaani mtaa, barabara ya kuingilia na alama ya karibu, pamoja na namba 180 na 114, na jina la mtu mmoja aliyepewa kazi ya kupiga. Kama vifaa vimegusana na laini, viachwe vilipo mpaka wakaguzi wafike.